Umetoka Mbeya unataka kusimama juu ya ubao baharini? Uliza maji kwanza

Mwezi wa saba Uyole unaamka umevaa masweta mawili na bado unapuliza vidole, sasa mtu akikwambia twende Zanzibar tukaote jua utakataaje, hata kama hela yenyewe ulikuwa umeiweka ya mbolea. Ndo ilivyokuwa kwangu. Mdogo wangu anaishi Dar, akanipigia akasema dada njoo, boti nalipa mimi, we jilipie basi na chakula, nikafunga duka nikaondoka. Basi alfajiri, Makambako, Mafinga, Kitonga tunateremka kila mtu kashika kiti cha mbele, Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu kama vile naenda kupika huko ufukweni (mazoea haya), zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar. Kesho yake boti kama masaa mawili, af daladala mpaka Paje, upande wa mashariki wa Unguja.

Nayasema haya ili ujue nilifika nimechoka hoi, na kesho yake asubuhi badala ya kulala nikataka nimalize kila kitu siku moja. Hilo ndo kosa la kwanza. Kama umetoka huku kwetu juu, siku ya kwanza kaa tu, kula pweza, angalia maji yanavyofanya. Ningeyaangalia yale maji siku moja tu nisingeaibika.

Sasa huo ubao. Ni mrefu kama mita 3, upana wake unakaa juu yake umekunja miguu bila shida, unasimama katikati na kasia refu lenye bapa upande mmoja tu, unapiga kulia, unapiga kushoto, unaenda. Wazungu wanaita padobodi, mimi humu nitasema ubao tu. Nilikuwa nauona kwenye simu nikadhani ni mambo ya wasichana wenye matumbo bapa, kumbe pale Paje nimeona baba wa makamo na kitambi chake anapita taratiiibu kama anakwenda kulipia umeme. Nikasema basi na mimi naweza.

Saa mbili asubuhi bahari imetulia, upepo hamna, nikaenda kwa vijana wanaokodisha. Kijana akaniambia maji shwari dada, nenda tu. Akanifunga kamba ya mguuni, akanipa kasia, akarudi kwenye simu yake. Laifujaketi niliomba mwenyewe, na naomba uandike hii mahali: iombe, hata kama wote wanaokuzunguka hawajavaa. Wengi wetu huku kuogelea tumejifunzia kwenye vidimbwi vya mto, yani unapiga teke na kumwomba Mungu, usije ukajidanganya kwamba hiyo ni kuogelea.

Nikaenda mbali kwa magoti, vizuri kabisa, mdogo wangu nyuma anarekodi. Sasa kwa sababu anarekodi, nikasimama. Nikapiga kasia mara tatu nne, najiona, maji ni ya kuona mchanga chini, mazuri mno, na sikujiuliza kwa nini naona mchanga karibu hivyo. Chini ya ubao kwa nyuma kuna pezi, kama pezi la samaki, urefu kama kiganja. Pezi likagusa chini. Ubao ukasimama papo hapo, mimi sikusimama. Niliruka mbele kama gunia la viazi linaloshushwa kwenye fuso, goti likakwaruza jiwe, maji ya chumvi puani, kasia likaenda zake.

Nilipoinuka maji yalikuwa chini ya magoti. Nikageuka kuangalia ufukwe, katikati yangu na ufukwe pameanza kuwa matope, mabaka ya mchanga, vidimbwi, na wakina mama wanashuka na magunia kwenda kwenye mwani wao. Bahari ilikuwa inaondoka, yani inaondoka kweli kweli, na mimi na mdogo wangu tuko huko mbali na maubao mawili.

Tulibeba. Ubao mmoja si mzito sana lakini jaribu kuutembeza kwapani karibu nusu saa, kwenye mawe, peku, huku unakwepa vile vidude vyeusi vya miiba vinavyokaa kwenye mashimo ya mwamba. (Viatu vya maji au hata raba za zamani, tafadhali, mwiba wa kile kidude ukiingia kwenye unyayo unakatikia humo humo.) Tukapita karibu na shamba la mwani, vijiti vimechomekwa mistari mistari na kamba zimefungwa katikati, mama mmoja akainua kichwa akatuangalia, akaangalia maubao, akasema, "Wanangu, maji yanatoka tangu alfajiri. Hamkuuliza?"

Hatukuuliza. Nikamwambia shikamoo mama, sisi watu wa bara, akacheka, akasema marahaba, piteni upande huu msije mkakata kamba. Na hapo naomba nisisitize kidogo, zile kamba ni shamba la mtu. Pale Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, na wengi wao ni wanawake, sasa wewe kupitisha ubao juu ya kamba zake ni sawa na mtu aje kupiga picha katikati ya mpunga wako Igurusi. Maji yakijaa huzioni vizuri, kwa hiyo uliza ziko wapi kabla hujaingia.

Jioni yake yule mama tulimkuta dukani, akatueleza vizuri, na haya ndo yaliyonifanya niandike. Sisi tumezoea ziwa, unaenda Matema kule ziwa Nyasa asubuhi maji yapo, jioni yapo. Bahari yenyewe inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa 6 na kidogo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo ndo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, Zanzibar tofauti inaweza kufika karibu mita 4, hiyo ni kimo cha mlango ukaongeza mlango mwingine. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayapandi sana wala hayatoki sana. Upande wa mashariki ufukwe uko bapa, kwa hiyo maji yakishuka yanarudi mbali sana mpaka karibu na mwamba. Sisi tulifika mwezi mpevu. Usiku tulikuwa tunausifia ule mwezi ufukweni tunapiga picha, kumbe ndo ulikuwa unatuambia!

Af kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Akahesabu kwa vidole: leo yamejaa kama saa 10 alfajiri, kesho karibu saa 11, endeleeni hivo hivo, siku nne kutoka leo saa moja na kitu asubuhi yatakuwa yamejaa, na upepo wa kusi asubuhi huwa haujaamka vizuri. Nendeni siku hiyo. Bure kabisa, bila simu wala programu yoyote. Wale vijana wa kukodisha wanajua pia, ila usipouliza watakukodisha tu, biashara ni biashara. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei uliza hivi: maji yanajaa saa ngapi, na upepo unatoka wapi. Ukishajibiwa ndo mshindane bei, na sema unatoka bara, usikubali bei ya mgeni wa ndege.

Siku aliyosema tukarudi, saa moja na nusu. Safari hii sikuwa na haraka ya kusimama, nilikaa kwa magoti dakika kama ishirini nzima, napiga kasia, nageuza, narudi. Kwa magoti unaenda vizuri tu na hakuna mtu anayekucheka, hata ukimaliza saa lako lote hivo hela yako haijapotea. Ukitaka kusimama, kasia lilaze mbele yako kwa upande, mikono juu ya ubao, unaweka mguu mmoja pale goti lilipokuwa, wa pili vile vile, unainuka ubao ukiwa unatembea, maana ubao uliosimama unayumba kuliko unaokwenda, kama baiskeli tu. Miguu sambamba, upana wa nyonga, pale katikati penye kishikio. Magoti yalegee.

Macho sasa. Hapa ndo kila mtu anaanguka, anaangalia vidole vyake vya miguu. Mimi kilichonisaidia ni kukumbuka mama zetu wa Tukuyu wanavyoshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, njia ina utelezi, mvua imenyesha, na hata siku moja hujamwona anaangalia miguu. Anaangalia mbele kule, shingo imetulia, kazi yote inafanywa na kiuno. Ndoo ya maji kichwani ni hivo hivo. Nikatafuta mtumbwi mmoja mbali nikaukazia macho, kiuno nikakiacha kicheze, na miguu ikaacha kutetemeka yenyewe. Nikasema kumbe hiki kitu nimekijua tangu nina miaka saba, nilikuwa nachota maji.

Kasia lina mkunjo pale kwenye bapa lake. Mkunjo unatakiwa uelekee mbele, na wengi wanalishika kinyume (mimi pia, siku ya kwanza yote, na hakuna aliyeniambia). Urefu wake uwe unakuzidi kama shubiri moja hivi. Mkono mmoja unakaa juu kabisa kwenye kichwa cha kasia, usishike kama mwiko wa ugali.

Nilianguka mara mbili siku hiyo. Ukiona unaenda, kubali, ruka pembeni mbali na ubao, anguka bapa kama unajitupa kitandani, usitangulize kichwa wala miguu kwa sababu hujui chini kuna nini. Af usiukimbie ubao. Huo ndo boya lako, umefungwa nao kamba. Kupanda tena unaenda ubavuni katikati, unashika kishikio, unapiga miguu mpaka ielee nyuma, unajivuta kwa tumbo kama samaki anayepakiwa. Haipendezi. Mwambie anayerekodi aache.

Upepo ukianza, usishindane nao umesimama, mwili wako ni tanga. Piga magoti, au lala kabisa kwa tumbo upige maji kwa mikono. Na anza safari kwa kwenda unakotoka upepo, ili ukichoka ukurudishe. Upepo wa kuogopa kuliko wote ni ule unaotoka nchi kavu kwenda baharini, maana karibu na ufukwe maji yanakuwa laini kama kioo, yanakuita, ukishafika mbali ndo unagundua kurudi ni kazi. Siku hiyo usiende, kula chipsi.

Jua sitasema sana. Vaa fulana ya mikono mirefu, sisi weusi pia tunaungua, mgongo wangu uliniuma mpaka Makambako nikiwa narudi. Na ukitoka majini jifunge kanga kabla hujaingia kijijini, pale ni kwa watu, wana heshima zao.

Wengine mtaniuliza kwa nini tusijaribu tu kwetu Matema. Jaribuni, kuna aina ya ubao wa kujaza upepo unakunjika unaingia kwenye begi. Maji hayaondoki, chumvi hamna, milima ya Livingstone iko pale mbele yako wima. Ila mchana ziwa linaamka na mawimbi yake si ya mchezo, kaa mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na kichocho kipo ziwa Nyasa, ukirudi ukajisikia vibaya mwambie daktari uliogelea huko. Mimi nilienda mwezi wa tisa, ubao sina bado, nikapanda mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi, na kwa kiburi cha Paje nikajaribu kusimama katikati ya safari. Mtumbwi ukainama, maji yakaingia upande mmoja, mzee wala hakugeuka, akaendelea na kasia lake, akasema tu, "Kaa chini binti, humu mna samaki wangu."