Kwa nini kromosomu hazipungui seli inapogawanyika

Umeuliza: seli ya mtu ikigawanyika kuwa mbili, mbona kila moja inabaki na kromosomu 46 (mafungu ya DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi) na si 23? Ni kwa sababu kunakili hufanyika kabla. Seli hunakili kwanza DNA yake yote, hivyo kila kromosomu huingia kwenye mgawanyiko ikiwa na nakala mbili zilizoshikana (ndiyo ile X ya vitabuni, muda mwingi wala haina umbo hilo). Kisha nyuzi za protini huzishika nakala hizo, kila moja kutoka upande wake, na kuzivuta zitengane, hivyo kila seli mpya hupata nakala moja ya kila kromosomu. Ikiwa kuna kromosomu ambayo haijashikwa vizuri, seli husubiri kwanza. Hiyo ni mitosisi.

Hiyo 23 ni ya meiosisi, inayotengeneza mayai na mbegu za kiume. Huko kunakili ni mara moja, kugawanyika ni mara mbili. Tena kabla ya kutengana, kromosomu iliyotoka kwa baba na mwenzake iliyotoka kwa mama hubadilishana vipande, na hiyo ni sababu mojawapo ya ndugu wa tumbo moja kutofanana.