Barua kwa mwanangu: Simba, ngurumo na maisha ya gari-nyumba

San Antonio, Texas
Aprili

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako tumeisoma mezani mimi na mama yako, kisha tukairudia. Unasema kwamba tangu uhamie kwenye gari-nyumba na kuanza kuzunguka na kazi yako ya kompyuta, kila radi inapopiga huko Kansas mbwa wako Simba hujisokota chini ya kiti cha dereva, hutetemeka na kudondosha udenda, na juzi amekwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu. Unauliza kama umpuuze, kama ulivyoshauriwa na majirani wa kambini, au umtafutie dawa, au umrudishe kwa watu waliokupa. Usimrudishe, na usimpuuze. Habari ya dawa nitaifikia, lakini kabla ya hapo nataka ujue kwamba kazi yako kubwa iko katika ile saa moja inayotangulia ngurumo ya kwanza. Mbwa akishapandwa na hofu hafundishiki wala habembelezeki kwa urahisi.

Hili nimelijua kwa gharama. Unakumbuka kwamba nilipoacha kuendesha malori tuliishi barabarani miaka saba, na kwamba tulikuwa na mbwa wetu Chui. Jioni moja huko Oklahoma mama yako alikuwa amelala, nami nilikuwa nje nikikunja turubai la kivuli huku mawingu yakiwa yameshaiva, na mlango nikauacha umezuiwa na wavu wa mbu peke yake. Radi ilipopiga, Chui aliupasua ule wavu kwa kifua akatoka kama jiwe la manati. Tulimtafuta kwa tochi hadi saa saba usiku, tukamkuta chini ya trela la jirani, amejikunja juu ya bomba la maji machafu, na nilipomwita alinitazama kana kwamba hanijui. Kosa lilikuwa langu. Mwenyewe alikuwa ametuambia mapema: karibu saa nzima kabla ya hapo, wakati sisi hatujasikia chochote, aliacha chakula chake, akawa anapiga miayo, analamba midomo na kumfuata mama yako kila alipokwenda. Mimi nilidhani ana njaa ya kitu kingine.

Sharti ukubali pia kwamba gari-nyumba ni mahali pabaya zaidi kwa mbwa wa namna hii kuliko nyumba ya matofali. Paa lake ni jembamba, na matone hulia juu yake kama kokoto ndani ya debe. Upepo hulitikisa juu ya springi zake. Madirisha yako kila upande, kwa hiyo mwanga wa radi humfikia mbwa popote alipojibanza. Anayekuambia kwamba atazoea kadiri atakavyosikia anakosea, kwa sababu hofu ya ngurumo isiposhughulikiwa kwa kawaida huzidi kukua. Kule Marangu mbwa wa babu yako hakuwa na wa kumbembeleza, lakini alikuwa na uvungu wa ghala la mahindi, penye giza na pakavu, akaingia huko mwenyewe mawingu yalipoanza kushuka kutoka mlimani, na hakuna aliyemtoa. Simba hana ghala, na chini ya kiti cha dereva si pahali, maana kiti kikisogezwa kinaweza kumbana.

Kwa gari kama lako ghala ni bafu. Ni chumba kidogo kuliko vyote, kiko katikati, na dirisha lake, kama lipo, ni la kuzibika kwa taulo. Tandika sakafuni godoro lake na fulana yako uliyoivaa bila kuifua, washa feni ya kuvutia hewa ili ivume mfululizo na kumeza sehemu ya kelele, kisha utundike mlangoni pazia zito, lakini mlango wenyewe usiufunge. Mbwa mwenye hofu akijiona amefungiwa ndipo anapovunja meno na kucha. Muhimu kuliko yote ni kwamba azoeshwe humo siku za jua. Mpe chakula chake cha jioni humo wiki mbili tatu, mwache alale humo mchana unapofanya kazi, ili siku ya mvua iwe ni kurudi chumbani kwake.

Utabiri ukionyesha mvua ya radi, mtoe akajisaidie mapema huku amefungwa kamba, kwa kuwa mbwa aliyeogopa hatakojoa nje, na usiku wa manane hutataka kutoka naye. Kunja turubai, rudisha ndani zile sehemu za ubavuni zinazosogezwa nje ambazo juu yake mvua hulia sana, shusha miguu ya kuegemezea gari ili lisiyumbe, funga mapazia. Ukiona mwanga wa radi, hesabu hadi usikie mlio: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa hiyo ukifika 30 ujue mvua iko kilomita kumi tu, na wewe na Simba muwe mmeshaketi bafuni.

Hapo ndipo chakula kinapofanya kazi. Katakata kuku wa kuchemsha vipande vidogo kama punje za mahindi, na kila ngurumo inapolia, mpe kipande mara moja, kwa sauti ya furaha, hata kama mlio ulikuwa mdogo. Mpangilio usigeuke: ngurumo kwanza, nyama baadaye, ili ngurumo iwe ndiyo inayotangaza nyama. Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern alipowauliza wenye mbwa wanaoogopa fataki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, njia hii ya kutoa chakula au mchezo baada ya kila mlio ndiyo iliyosifiwa na wengi kuliko vifaa vingi vya kununua, na zaidi ya theluthi mbili ya walioijaribu walisema imesaidia. Akikataa kula, ujue hofu imeshapita kiwango cha nyama. Acha kumlazimisha, keti naye tu. Ukitumia siagi ya karanga, soma kopo kwanza, kwani nyingine hutiwa sukari ya zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Akikuegemea, mkumbatie. Ile habari kwamba ukimbembeleza unamlipa ili aendelee kuogopa haina msingi, kwa sababu hofu si tabia anayoichagua apate tuzo. Lakini akitaka kukaa peke yake kwenye kona, usimvute. Mama yako alikuwa na dawa yake mwenyewe: alimfunga Chui khanga kifuani na tumboni, ikabana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Ziko fulana zinazouzwa kwa kazi hiyohiyo. Mbwa wengine hutulia nazo, wengine huduwaa tu, na kiyoyozi kikizimika zinachosha kwa joto, kwa hiyo mwangalie. Kuhusu muziki, utafurahi kusikia kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliotolewa mwaka 2017 uliona mbwa wa mabandani wakitulia zaidi kwa roki laini na rege. Chui alipenda rege, au labda ni mimi.

Sasa dawa. Kwa mbwa anayejitoa damu, mimi sioni aibu yoyote ndani yake. Ipo jeli iitwayo Sileo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 mahsusi kwa mbwa wanaoogopa kelele, ambayo hupakwa kati ya shavu na fizi bila kumezwa, nawe ukiwa umevaa glavu. Na zipo za vidonge, kama trazodone, ambazo hutolewa saa moja au mbili kabla. Daktari wa wanyama ndiye atakayechagua na kupima kwa uzito wake. Mwombe ruhusa ya kuijaribu siku tulivu uone inavyomfanya, na chukua ya kutosha kabla hujaondoka, kwa sababu daktari wa mji mgeni hatakuandikia kabla hajamwona mbwa. Ukipewa dawa ya kutuliza iitwayo acepromazine peke yake, uliza tena: humlegeza mwili akashindwa kukimbia, huku moyoni hofu ikiwa ileile. Vidonge vyako mwenyewe vya usingizi visimkaribie.

Kuna jambo moja ambalo bafu haliliwezi. Hapo ulipo ni nchi ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama pia, na huu ndio msimu wake. Idara ya hali ya hewa ikitangaza kwamba mazingira ya tonado yapo, hiyo ni ya kujiandaa; ikitangaza kwamba imeonekana kwa macho au kwa rada, hakuna gari-nyumba lililo salama, hata likiwa zito namna gani, na unatakiwa uwe umeshatoka. Kwa hiyo kila unapofika kambini uliza mambo mawili kabla hujaunganisha umeme: jengo imara la kujihifadhi liko wapi, na je, mbwa anaruhusiwa, maana mahali pengine hawaruhusu na hutaki kulijua hilo mlangoni. Tembea naye hadi hapo siku ya jua, kwa miguu, mara kadhaa. Avae mkanda wa kifuani, si wa shingoni pekee unaoweza kuchomoka, na namba ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu yake ya utambulisho iliyo chini ya ngozi iwe hii unayotumia leo. Yetu ilikuwa ya zamani usiku ule wa Oklahoma.

Mwisho, umesahau kwamba nyumba yako ina magurudumu. Umeandika kwamba Julai unakwenda Florida. Kwa nini? Hilo ni miongoni mwa majimbo yenye radi nyingi kuliko yote, na majira ya joto katikati yake hunguruma karibu kila alasiri. Arizona nako msimu wa mvua zao huanza katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Nenda pwani ya Oregon, ambako radi ni chache, na Florida uiache hadi Januari, wakati wa kiangazi chake. Miezi hiyo ya utulivu ndiyo ya kumchezeshea ngurumo zilizorekodiwa, sauti ikiwa chini kabisa, akiwa bafuni na kuku wake, ukiipandisha kidogo kidogo kwa wiki nyingi na kuishusha mara tu anaposita kula.

Mama yako anataka upana na urefu wa mlango wa bafu, kwa sentimita, ashone lile pazia, na ameshatoa blanketi la kijivu lililokuwa la Chui. Pima leo, kwa sababu cherehani iko mezani na chakula cha jioni tumekilia jikoni.

Baba yako