Waifai inakufa kila nusu saa? Usikimbilie kununua rauta mpya

Hii shida nimeikuta gesti moja kule Nyali, halafu tena kwenye maflati ya Bamburi, na wenyewe washabadilisha rauta bure. Mgeni anaunganisha waifai, mambo shwari, ikifika kama nusu saa simu ya WhatsApp inakatika, akizima waifai akiwasha inarudi, nusu saa nyengine hiyooo ishakwenda.

Chanzo kiko kwenye IPv6, mfumo mpya wa adresi za intaneti. Kwenye IPv4, ule wa zamani, tumezoea DHCP (huduma inayogawa adresi) ikupe adresi na geitwei, yaani mlango wa kutokea, pamoja. IPv6 haiko hivo, hata ukiweka DHCPv6 geitwei haimo, rauta lazima ijitangaze yenyewe. Simu ikiingia tu inauliza kupitia ff02::2 (adresi ya rauta zote), jamani kuna rauta hapa? Rauta inajibu, mimi hapa, adresi yangu fe80 kadha wa kadha, nitumie kwa muda huu. Muda wenyewe kwa kawaida sekunde 1800, ndo hiyo nusu saa yako. Kabla haujaisha, rauta inapiga mbiu kwa wote kwa ff02::1, bila kuulizwa.

Sasa AP nyingi (vile vifaa vinavyorusha waifai) zina seti ya kuchuja multikasti, yaani ujumbe unaotumwa kwa wengi kwa mpigo, ati waifai iwe nyepesi. Jibu la kwanza likitumwa kwa simu hiyo peke yake linapita, mbiu za baadaye zinamezwa, simu inahesabu mpaka sifuri inaifuta rauta.

Kuhakikisha, chukua laptopu ya Linux uandike ip -6 route, utazame mstari wa default (njia ya kutokea), utafute expires na sekunde. Agiza kahawa ukae hapo. Mtandao ukiwa salama, namba inashuka kisha inaruka tena kwa 1800, lakini ikishuka tu bila kupanda bas, zima hicho kichujio, na MLD snooping ya swichi (nayo huchagua multikasti ipite wapi) iangalie pia. Na hawa wanaofunga ICMPv6 yote (ujumbe wa kuendeshea IPv6 yenyewe) kwenye fayawoli ati usalama, wallahi sijui nani aliwafunza, swali la simu na tangazo la rauta ndo ICMPv6, aina ya 133 na 134!

Ukiona default mbili hiyo ni kesi nyengine, kuna mpangaji kachomeka karauta kake, au laptopu ya mtu inashea intaneti, nayo inajitangaza na simu zinaiamini tu. Dawa ni swichi yenye RA Guard (RA ndo hilo tangazo la rauta), inakataa tangazo likitoka mlango usio wa rauta, na kwa maflati mi naona si anasa. Kama huna, ipe rauta yako preference (kipaumbele) ya high, itasaidia kwa kale kalikojiwasha kwa bahati mbaya, kwa mtu aliyekusudia haisaidii kitu.