Msalaba wa shaba uliogeuka kijani
Yaya, umeuliza kama msalaba wa shaba wa babu unaoza. Hauozi, usiusugue na mchanga! Shaba ikikaa hewani inakuwa kahawia, halafu nyeusi. Unyevu, hewa ya ukaa na salfa ya moshi vikizidi kuigusa, inatoka kijani. Huo ukijani unashika kama ngozi na kukinga shaba ya ndani. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa 1886 ikiwa na rangi ya shaba, leo ni kijani. Mabamba yake yana unene wa milimita 2.4 hivi, na ingali imesimama. Malakiti, yale mawe ya kijani yenye mistari wanayouza hapa Lubumbashi, ni jamaa ya hiyo kutu yako. Ila ukiona unga wa kijani hafifu unapukutika, hapo chumvi imeingia, shaba inaliwa kweli.