Leadbetter, Harmon au Stack and Tilt?

Ndugu, mpira wako wa gofu unapinda kulia na hujui ufuate kipi: kocha David Leadbetter, kocha Butch Harmon au mbinu ya Stack and Tilt. Usimpime kocha kwa vikombe vya mwanafunzi wake. Mcheza gofu Nick Faldo alijenga upya swingi yake (mzunguko wa kupiga mpira) kwa Leadbetter katikati ya miaka ya 1980, akashinda shindano kubwa la The Open 1987, lakini tayari alikuwa bingwa na alipiga mipira kutwa. Mchezaji wa wikendi akibomoa swingi nzima hubaki njiani. Harmon huboresha ulichonacho, na kwako ningeanzia hapo. Stack and Tilt huacha uzito mguu wa mbele. Humfaa anayechota udongo kabla ya mpira, na hilo si tatizo lako.

Mjaribu kocha hivi: piga mipira 10 kwa fimbo namba 7, simu ikirekodi nyuma yako, ikitazama kunakoelekea mpira, usawa wa mikono. Mpira huanza karibu na uelekeo wa uso wa fimbo, kisha hupinda kwa sababu uso na njia ya fimbo vimepishana. Kocha akikuonyesha kipi kati ya hivyo viwili kimekosea, endelea naye. Akisema tu “umeinua kichwa”, tafuta mwingine.