Kalamu za mti zinazofifia: supagluu, shelaki, au usipake kitu

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kalamu zako za mninga na mkarafuu zinang'ara siku unapozipaka vanishi, na wiki mbili hazijesha zimeshafifia. Unataka dawa ya kuzipa mng'aro wa kioo. Nakereza kalamu hapa Wete, Pemba, mwaka wa saba huu, nyingi zinavushwa kwenda kuuzwa Mji Mkongwe, na jambo hili lilinikosesha raha miaka miwili ya mwanzo. Kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Kabla hujanunua kopo jengine, itazame mbao. Mninga una vitundu vikubwa, hata kwa macho unaviona. Vanishi ikiwa bado maji hujaa juu ya vitundu hivyo na uso unaonekana sawa. Ikikauka inanywea na kuzama, uso unabaki na vishimo vidogo vidogo, na mwanga haurudi sawasawa. Ndio ule ufifio unaouona. Ukiongeza koti jengine la brashi juu yake, utapata siku chache tu za furaha.

La pili ni unyevu, na hapa nataka unisikilize sana. Oda yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kalamu arubaini za kugaiwa kwenye harusi, mkarafuu mtupu, kwa sababu wenyewe walitaka mti wa Pemba. Niliukata mkarafuu uliokauka shambani nikadhani umeshakauka kweli. Ilikuwa masika. Nilikereza, nikapaka, zikatoka nzuri mno. Mwezi haukupita, kalamu kumi na moja zikapasuka kwenye ncha, na nyengine zikaota mistari myeupe chini ya mng'aro. Nilirudisha pesa zote.

Tangu siku ile kila kijiti nakikata vipande vya unene wa sentimita mbili hivi, nakiandika tarehe kwa penseli, nakiweka juu ya kabati mbali na sakafu, na kila Ijumaa nakipima kwa mizani ndogo kama ile ya sonara. Uzito ukishuka, bado maji yanatoka. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, hapo ndipo nakitoboa na kutia kijibomba chake cha shaba, kile kinachobeba mrija wa wino. Hakuna kopo dukani litakalokufanyia kazi hii.

Sasa dawa. Mimi nachagua kwa kufikiria mkono utakaoishika kalamu. Kalamu ya mwalimu wa skuli au karani, inayoshikwa kutwa kwa jasho, naipaka supagluu, ile gundi inayoshika papo hapo. Kalamu ya zawadi ya kuwekwa ndani ya kisanduku naipiga shelaki, ile poleshi ya mafundi wa zamani: magamba yanayotokana na utomvu wa kidudu cha India, yakayeyushwa kwenye spiriti. Hakuna kitu kinachoupa mti uzuri kama shelaki. Ule umanjano wake unaamsha rangi ya mfenesi hata unaona kama kuna taa ndani. Lakini spiriti iliyoiyeyusha mwanzo ndiyo itakayoiyeyusha tena. Baada ya korona watu wengi wanapaka mikono vitakasa vyenye alkoholi, kisha wanashika kalamu ikiwa mikono haijakauka, na shelaki inaanza kunata. Kwa kalamu ya kazi, usiitie.

Vanishi ya poliyurethini yenyewe si mbaya. Ichanganye na tina, ile ya kuzimulia rangi, ipake kwa kitambaa badala ya brashi, mara nyingi na nyembamba, uiwache siku kadhaa ikomae kila koti. Mimi nimeiwacha kwa sababu vumbi la karakana yangu halinipi siku hizo.

Supagluu nafanya hivi. Kwanza msasa, 150, 240, 320 hadi 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), na kila namba ukiimaliza, simamisha mashine ya kukerezea upige msasa kwa urefu wa kalamu kufuata mkondo wa mti. Wengi wanaruka hapa, na mikwaruzo ya duara ndiyo itakayokuja kuonekana chini ya kioo chako. Futa vumbi. Kwa mninga, koti mbili za mwanzo za gundi nyepesi nazipiga huku nikisugua kwa msasa wa 400, ili vumbi la mti lichanganyike na gundi, liingie kwenye vitundu na kuviziba. Rangi ni ileile ya mti, huoni kiraka.

Baada ya hapo mashine iende polepole. Kunja tishu ya jikoni, tia matone mawili matatu ya gundi nzito kidogo, pitisha kutoka ncha hadi ncha mara moja na kurudi, toa mkono. Usikae pahala pamoja. Ngoja dakika mbili, rudia, hadi koti nane au kumi. Kitambaa cha pamba, hata kipande cha kanga kuukuu, kiweke mbali kabisa: pamba na supagluu zikikutana zinatoa joto kali linaloweza kukuunguza vidole na kutoa moshi. Vaa miwani, fungua dirisha, na feni iwe nyuma yako, maana mvuke wake unachoma macho. Vidole vikigandana usivute. Tia kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, au tumia asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha.

Bushi za chuma, vile vijipete vinavyokaa ncha mbili za kalamu kwenye mashine, zitagandana nayo. Mimi nimekereza bushi zangu kutokana na ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, gundi haiushiki.

Sasa kalamu inang'aa, lakini ina mawimbi. Chukua msasa wa maji wa 600, kwenye maduka ya rangi za gari upo, tia maji yenye tone la sabuni, usugue hadi uso ufifie wote. Izungushe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona kidoa kimoja kinang'aa, hapo pana bonde, msasa haujafika. Endelea, na kama umefika kwenye mti wenyewe, rudi upake tena. Hii ndiyo saa inayotenga kalamu ya duka na kalamu ya fundi. Halafu 800, 1000, 1500, 2000, na mwisho poleshi ya gari kwa kitambaa laini. Hakikisha hutapaka gundi tena baada ya poleshi, kwa sababu nyingi zina silikoni na koti litakalofuata litafanya macho macho, yaani vishimo vya duara. Ncha za mti zitie gundi kabla ya msasa wa maji, maji yasiingie kwa pembeni.

Kuhusu masika: shelaki ikipakwa siku ya mvua inakuwa nyeupe kama maziwa, kwa kuwa spiriti ikiruka inaupoza uso na unyevu wa hewa unageuka maji juu yake. Ngoja siku kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo, weupe unaondoka. Supagluu ni kinyume, inakauka kwa huo huo unyevu, kwa hiyo siku hizo inawahi mno na kufungia mapovu. Punguza matone, na fanya kazi baina ya adhuhuri na alasiri, hewa ikiwa imekauka kidogo.

Na mpingo, tafadhali, usiupake. Mti mzito hata unazama majini, vitundu vyake ni vidogo mno, na mafuta yake yanaikataa gundi usipoufuta kwa asitoni. Peleka msasa hadi 2000, sugua kwa nta, basi. Ukishaushika utanielewa.

Kalamu ikimalizika, iwache siku nzima kabla ya kuikandamiza vyuma vyake. Anza na ule mkarafuu ulionao, uupime kwanza, na ukishapaka weka picha ya ncha zake hapa kabla hujaiunga, nizitazame.