Kabla hujalipia hiyo Leaf, gari litalala wapi?

Usitume hata senti kwanza. Nimesoma swali lako mara ya pili na nimeshindwa kunyamaza.

Unakaa Muyeye, hapa hapa Malindi, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Umeona Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, kwenye yadi Mombasa, unataka kuuza Probox yako ya petroli uichukue. Unauliza kama kwa shughuli za kila siku la umeme lina raha kuliko la petroli. Halafu bima. Halafu spea. Halafu bei ya kuuzia baadaye, na safari za Mombasa mara mbili kwa wiki. Maswali yote hayo, na hakuna mahali umeandika gari litakuwa linalala wapi, wala soketi ni ya nani. Hapo ndipo moyo wangu uliporuka.

Walionitangulia kukujibu wamekupigia hesabu ya petroli na tokeni za umeme, wakaona unaokoa. Hesabu nzuri. Hata mimi niliipiga, nikamwonyesha mke wangu kwa madaha. Bado anayo karatasi, huitoa tukigombana.

Sikiliza. Usinunue gari la umeme mpaka uwe na soketi yako, kwenye mita yako, pale pale gari linapolala, na ruhusa ya mwenye nyumba iwe kwa maandishi. Vikikosekana hivyo, baki na Probox na uwe na amani. Mengine yote utakayosoma hapa ni maelezo ya kwa nini nasema hivyo kwa ukali.

Nilikuwa nimepanga Barani, juu kama wewe. Jamaa wa yadi aliniambia, "Bosi, hili unachomeka tu usiku kama simu." Nikacheka naye, nikatia saini. Simu gani hiyo? Chaja ya kawaida ya simu inakula wati 10 hadi 20 na kitu. Gari kwenye soketi ya kawaida ya nyumba, ukitaka usalama usivuke ampia 10, ni volti 240 mara 10, yaani wati 2,400. Hiyo ni pasi iliyowashwa ikaachwa mpaka alfajiri. Na hiyo yako ya kilowati-saa 40, ikiwa tupu kabisa, gawanya mwenyewe: ni kama saa 17. Soketi za nyumba zetu za kupanga, zilizokwisha liwa na chumvi ya bahari, hazikufungwa kwa kazi hiyo.

Mimi sikujua. Nikanunua ekstensheni ya kuviringisha, ile yenye ringi, nikaishusha kutoka baraza ya juu hadi kwenye gari. Sehemu iliyobaki nikaiacha imeviringwa kwenye ringi yake, kwa unadhifu. Ndugu yangu, waya ulioviringwa ukipitishiwa umeme mwingi kwa saa nyingi hauna pa kutolea joto. Usiku tukasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imelainika, imeshikana na soketi, na ukuta una doa jeusi ambalo rangi haikulificha tena. Tulibahatika kwamba mke wangu ana pua.

Hapo mtu mwenye akili angeuza gari. Mimi nikatafuta fundi.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo pesa zangu zilipozama. Nilimwendea mwenye nyumba, mzee mpole, nikamweleza nataka kushusha laini yangu kutoka kwenye mita yangu hadi maegesho. Akasema, "Fanya tu mwanangu, nyumba ni yenu." Maneno matamu. Nikaondoka nimefurahi, sina hata mstari mmoja wa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; nilikuwa naujua huo msemo tangu shule ya msingi na haukunisaidia kitu.

Fundi alifanya kazi safi, simlaumu. Waya mnene wenye ngozi ya chuma chini ya plasta, breka yake peke yake, fimbo ya athi, ile ya kumwaga umeme uliovuja, ikazikwa ardhini, soketi ya nje isiyoingia maji ndani ya kisanduku chenye kufuli. Vifaa na ufundi vilipita shilingi 60,000, na hapo niliomba nipunguziwe. Nikasema si neno, nitazirudisha kwenye petroli nisiyonunua.

Kwanza tokeni zikanishangaza. Bei ya umeme wa nyumbani huenda kwa daraja, na matumizi yako yakivuka uniti 100 kwa mwezi unahamia daraja la juu. Sisi tulikuwa watu wa taa, friji, feni na redio, hatukuwahi kuligusa. Gari likatuvusha bila hata kuaga, na bei ile ya juu ikala mpaka feni. Iko bei maalumu ya umeme wa magari iliyowekwa 2023, tena usiku inashuka, lakini hiyo inataka mita ya kazi hiyo peke yake, nami nilikuwa mpangaji wa juu tu. Karatasi yangu ya hesabu ilikuwa na bei ya daraja la chini. Basi.

Halafu akaja mtoto wa mzee kutoka Nairobi kusimamia nyumba za babake. Akaona kisanduku. Akauliza nani aliruhusu. Mzee akasema hakumbuki vizuri. Hakumbuki! Nikapewa chaguo mbili: kodi ipande kwa sababu "unatumia miundombinu ya jengo", au nihame. Miundombinu niliyoilipia mimi! Nikasema nahama, lakini waya na breka naondoka navyo. Kijana akanijibu kwa upole kabisa kwamba kilichofungwa ukutani ni cha nyumba. Nikienda kule siku hizi naona mpangaji mpya amechomeka friza ya samaki kwenye soketi yangu. Kisanduku bado kina kufuli langu, wamevunja bawaba.

Muda ule kabla sijapata pa kuhamia, niulize nilikuwa nachaji wapi. Hoteli moja upande wa Casuarina, meneja aliniruhusu nichomeke nikiwa mteja. Mteja maana yake ukae ule na unywe. Nikawa nakunywa juisi ya ukwaju saa nzima, naagiza chipsi, naagiza soda, natazama Waitaliano wakiota jua, gari halijafika hata nusu. Ukijumlisha ukwaju na chipsi, nilikuwa naendesha gari ghali kuliko Land Cruiser. Binamu yangu wa Lamu alinipigia kuniambia punda wake hajawahi kuulizwa mita. Nilimkatia simu.

Na hapa Malindi ndipo kuna ule mtambo wa umeme wa jua wa Langobaya, megawati 40. Umeme wote ule unapita juu ya vichwa vyetu kuelekea gridi, mimi huku namwomba askari wa hoteli nafasi ya karibu na ukuta.

Unaniuliza nani alinipotosha? Yule wa yadi, ndiyo, na nitarudi kwake. Lakini zaidi ni wale vijana wa video, wanaosimama kwenye gereji zao Uingereza na kusema hutakanyaga tena kituo cha mafuta. Kweli yao. Wana gereji, wana ukuta wao, wana mita yao. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hii inakuhusu kama nyumba ni yako." Petroli haikuulizi unalala wapi. Unaingia kituoni, dakika tano umetoka, na ukikwama Gede mtu wa boda anakuletea lita moja ndani ya chupa ya maji. Umeme hauji kwa chupa.

Usinielewe vibaya, mimi silichukii gari. Gari lile lile, betri ile ile, sasa linalala kwa mama yangu, huko Msabaha, uani, kwenye mita ambayo nimeomba kwa jina letu na soketi ambayo hakuna wa kuninyang'anya. Na wallahi ni raha. Naamka limejaa. Naliwekea saa, lipoe kabla sijaingia, likiwa bado limechomekwa, na joto hili letu unalijua. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi za injini, hakuna feni belti inayolia asubuhi. Mjini, Watamu, Mambrui, narudi jioni sijafikiria kitu. Petroli ilipoadimika Aprili 2022 nilipita foleni za vituoni nimeshusha kioo makusudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipoingia gizani karibu yote, gari langu lilikuwa na chaji ya kufika Malindi mjini na kurudi, na majirani wenye petroli ndio walionicheka. Tumelipana.

Lakini umeona kilichobadilika? Gari halikubadilika. Ni mahali pa kulala tu.

Sasa yule wa yadi. Ameshakuambia yako inakwenda kilomita 400, sivyo? Mimi ya kilowati-saa 30 niliambiwa 280. Hajabuni. Kipimo cha Japani cha wakati ule, JC08, ndicho kilichoandika hivyo. Wamarekani waliipima ya 30 wakapata 172, na hiyo ya 40 wakapata 243. Gari moja, vipimo viwili, muuzaji anachagua cha kukusomea. Na hizo zote ni za betri mpya. Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu, na joto ndilo adui wa betri. Washa gari, tazama pembeni mwa geji ya chaji, kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Kimoja kikizimika tayari imepoteza kama asilimia 15. Yangu ilikuja na 10 na mimi nikadhani ni mapambo. Akikuonyesha picha ya dashibodi iliyokatwa pembeni, mwambie apige tena.

Mombasa ni kama kilomita 120. Kwenda utafika. Kurudi siku hiyo hiyo, na foleni ya Mtwapa, na AC, ndiyo kazi, kwa hiyo utahitaji kuchomeka kule unakofanya shughuli, na tumerudi pale pale: soketi ya nani? Usiniambie kuhusu mashine za kuchaji haraka kabla hujatazama tundu. Leaf ya Japani inatumia plagi ya kuchaji haraka iitwayo CHAdeMO. Ulaya wameshika CCS2, Wachina wana GB/T, na mashine isiyo na plagi yako ni pambo la barabarani. Tena ulizia chaja ya ndani ya gari, ile inayopokea umeme wa soketi na kuupeleka kwenye betri. Nyingi za Japani ni kilowati 3, ya kilowati 6 ilikuwa ya kuongezewa pesa. Kama ni ya 3, mtu asikuuzie kisanduku kikubwa cha kuchajia cha ukutani, hakitakuchajia haraka hata kidogo.

Bima waulize wenye bima.

Kwa hiyo leo kazi yako ni simu moja, na si ya yadi. Mpigie mwenye nyumba. Mwambie unataka laini kutoka kwenye mita yako hadi maegesho, kwa gharama yako, na ukihama utaing'oa au atakulipa. Andika hayo kwenye karatasi moja, tia saini, naye atie, na kama ana mtoto Nairobi, mtoto naye atie. Akisitasita, umeshapata jibu bila kupoteza shilingi. Akikubali, lete karatasi hapa tuisome kabla hujamwita fundi, na usiharakishwe, maana kesho asubuhi jamaa wa yadi atakupigia kukuambia kuna mteja mwingine kutoka Nyali amekuja na pesa taslimu. Huyo mteja alikuwepo hata nilipokuwa nanunua mimi.